Maisha ya Léonce Muhindo Kighoma, Mfuata Nyayo, na Bastola Aliyoikataa

Mtu tuliyemsindikiza hapa makaburini Stellawood, Durban, leo, Jumamosi tarehe 25 Septemba 1999, alizaliwa mbali sana na mji huu. Ilikuwa tarehe 14 Machi 1951, huko Kanyabayonga, juu ya mlima unaotazama bonde la wanyama. Baba yake, mzee Paluku Kighoma, alilima viazi na kupasua mbao. Mama yake aliitwa Masika. Walikuwa wamekwisha kupata wasichana watatu mfululizo, na huyu wa nne alipotoka mvulana wakamwita Muhindo, jina ambalo Wanande humpa mtoto anayegeuza mwendo wa uzazi nyumbani. Jina la Léonce alilipata kwenye ubatizo. Serikali ilipokuja kukataza majina ya kizungu, likafutwa kwenye karatasi zake, lakini nyumbani hakuna aliyeacha kumwita hivyo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1958. Fujo za mwaka 1964 ziliifunga shule hiyo kwa muda mrefu, hivyo darasa la sita alilimaliza akiwa amekwisha kuota ndevu. Alipenda kusimulia kwamba mwalimu wake alikuwa akimsimamisha kwenye kijia cha kuingilia shuleni na kumuuliza ni wanafunzi gani wamekwisha kupita. Yeye aliangalia chini, akataja majina. Mara moja alimtaja mtoto wa katekista kuwa amepita na kurudi, na kweli mtoto huyo alikutwa sokoni akila ndizi. Alisoma sekondari miaka miwili tu huko Butembo. Mwaka 1968 mti ulimwangukia baba yake porini, naye akarudi nyumbani kushika msumeno.

Mwaka 1970 aliajiriwa na kampuni ya safari za uwindaji upande wa Rutshuru. Aliingia kama mchukuzi wa mizigo. Baada ya msimu mmoja walimweka mbele, kazi ambayo Wafaransa waliiita pisteur, yaani mfuata nyayo. Ni kazi ya macho na miguu. Wageni hubeba bunduki, kiongozi wa safari hubeba bunduki, na mbele yao hutembea mtu mmoja ameinamisha kichwa, anasoma majani na udongo. Mnyama akijeruhiwa akakimbilia kichakani, huyo wa mbele ndiye wa kwanza kumfikia. Léonce aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Alisema macho hayakuwahi kumchosha, bali miguu.

Kwenye kazi hiyo alikutana na Dominiki Mumbere, mpishi wa kambi ambaye baadaye naye alikuwa mfuata nyayo, na Dominiki ndiye aliyemtambulisha kwa dada yake, Colette Kavira. Walifunga ndoa kanisani Kanyabayonga Jumamosi, tarehe 12 Januari 1974. Mvua ilinyesha tangu asubuhi hadi jioni, bibi harusi akavuka uwanja wa kanisa akiwa amebebwa mgongoni na kaka yake ili viatu vyake vyeupe visiguse tope. Mungu aliwajalia watoto wanne: Huguette, Serge, Glody na Julienne.

Jumapili tarehe 3 Juni 1979, nyati aliyejeruhiwa na mgeni alimuua Dominiki. Waliingia kichakani watu wawili, Léonce na shemeji yake. Akatoka mmoja, amembeba mwingine. Familia iliambiwa kwamba nyati alitokea ghafla na hakukuwa na la kufanya, na kwa miaka ishirini hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Kilichoonekana ni kwamba tangu siku hiyo Léonce hakukubali tena kuvaa bastola kiunoni. Wakubwa wake walimpa, akairudisha. Walimwambia mfuata nyayo asiye na silaha ni kama mtu aendaye vitani na kijiko. Alisikiliza kwa adabu, akaenda hivyo hivyo.

Serikali ilipofunga uwindaji mwaka 1984, alirudi Kanyabayonga akauza maharagwe na mbao. Hiyo ndiyo miaka aliyolala kwake kila siku, na mama Colette husema ndiyo aliyonenepa. Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilifika barabarani kwao. Waliondoka na mashuka mawili na sufuria, wakapitia Kasese, Kampala, Mwanza na Dar es Salaam, wakavuka Msumbiji, wakafika Durban tarehe 2 Mei 1997, watu sita wote wazima. Léonce alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliposhuka kwenye basi aliketi ukingoni mwa barabara, akavua viatu, akasema kwamba kama iko nchi nyingine mbele ya hii, waende wenyewe.

Walipata vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mzulu, Cato Manor. Mama Colette alianza kuuza vitenge. Léonce alilinda magari ya watu ufukweni kwa miezi minne, kisha akapata kazi ya kulinda ghala Mobeni. Huko nako msimamizi alimwambia kuna nafasi nzuri zaidi kwenye lango kubwa, akikubali kufundishwa bastola. Alikataa. Aliendelea kukaa upande wa nyuma na tochi na kirungu, na kila miezi mitatu alipanga foleni kuhuisha karatasi yake ya ukimbizi pamoja na wengi walio hapa leo. Alikuwa mtu wa maneno machache katika foleni hizo. Mara nyingi alilala amesimama.

Wengi walimfahamu kwa ajili ya Cathy. Mwezi Juni 1998 kanisa letu lilifanya pikiniki baharini, siku ya baridi, watu wachache, na Cathy, mtoto wa miaka minne wa dada mmoja wa saluni, akapotea. Watu walikimbia huku na huku wakiita jina. Léonce aliomba aonyeshwe kiatu alichokiacha mtoto. Alikitazama upande wa soli, akawaomba watu wote wasimame walipo ili wasiuvuruge mchanga, akaanza kutembea pole pole. Alipita kwenye mawe, akazunguka choo, akapanda ngazi, akamkuta Cathy amelala chini ya kibanda cha waokoaji, amejifunika taulo la mtu. Mama yake alipomshukuru kwa machozi, Léonce alijibu kwamba mtoto hakuwa amepotea, ni wakubwa tu waliokuwa wakitafuta mahali pasipo pake.

Habari hiyo ilifika hadi Pinetown. Alain Ndikumana, ndugu yetu kutoka Burundi, alikuwa akifanya kazi kule kwenye karakana ya kukausha ngozi za wanyama waliowindwa. Mwenye karakana, Bwana Deon, pia alipeleka wageni kuwinda kaskazini, kwenye mapori ya Wazulu, tangu Aprili hadi Septemba. Ndikumana alimwambia bosi wake kwamba yuko mzee mmoja Cato Manor anayesoma mchanga kama gazeti. Agosti 1998 Léonce akaandikwa kazi. Miezi ya mvua alikuwa akitia ngozi chumvi karakanani, miezi ya kiangazi alikuwa porini. Alirudi kwenye kazi aliyokuwa ameiacha, kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua vizuri, na kwa sababu watoto walikuwa wanasoma.

Mwezi Julai mwaka huu alikuja mgeni mmoja mzee, Bwana Harlan, kutoka nchi ya baridi kali ambako dubu wanaishi. Alikuwa na kovu lililoanzia begani hadi kwenye kiwiko. Siku ya kwanza kambini, Jumapili mchana, wakati chai ikichemka, alieleza jinsi alivyolipata. Alikuwa akifuata paa wakubwa wa kwao alipokutana na dubu jike mwenye watoto. Dubu alimpiga kofi moja, bunduki ikaruka asikoiona. Alikuwa na bastola kifuani. Aliifyatua dubu akiwa juu yake, na ndiyo maana alikuwa hai kunywa chai. Kwa hiyo, alisema, kwake hakuna mtu anayeingia kichakani bila silaha ya pili mwilini, awe bwana au mfanyakazi. Ndikumana alitafsiri yote, maana Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wengine.

Léonce aliuliza maswali mengi juu ya dubu, kuliko alivyozoea kuuliza. Alitaka kujua unyayo wake ukoje, mzee Harlan akauchora mchangani kwa kijiti. Aliuliza kama dubu aliyejeruhiwa hungoja au huja. Akajibiwa kwamba mara nyingine hungoja, na mara nyingine huzunguka akarudi nyuma ya nyayo zake mwenyewe. Léonce akatikisa kichwa, akasema basi ni ndugu wa nyati. Ndipo Bwana Deon, aliyekuwa na bastola moja ya ziada, aliiweka mezani mbele yake na kuiacha pale.

Bwana Deon alikuwa amekwisha kumtajia bastola hiyo kabla ya safari, na nyumbani Cato Manor mazungumzo yalikuwa yamefanyika tayari, mbele ya watoto. Mama Colette alikuwa amesikia habari kutoka kwa Estella, mke wa Ndikumana, naye hakulaza neno.

"Baba Huguette," alisema, "ile kitu ubebe. Watu wanakupa, wewe unakataa, juu ya nini?"

Léonce alijibu kwamba bastola ni nzito kiunoni.

"Jeneza ndilo zito," mama akasema. "Dominiki angekuwa na mtu mwenye bastola pembeni, leo angekuwa anakula na sisi hapa. Mimi nimechoka kuzika watu wa mu pori."

Watoto wanakumbuka kwamba baba yao aliweka chini kijiko. Kisha alisema, "Sawa. Nitabeba." Mama alidhani ameshinda, akamwongezea maharagwe.

Na kweli alibeba. Jumatatu jioni, jua likizama, chui alikuja kwenye nyama iliyofungwa mtini na mzee Harlan akampiga risasi kutoka kwenye kibanda cha maficho. Risasi ilikwenda nyuma kidogo. Chui akaingia kwenye kichaka cha miiba kando ya mto mkavu. Bwana Deon alikataza mtu yeyote kumfuata gizani, na alifanya vizuri. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 27 Julai, saa mbili na nusu, walifika ukingoni mwa kichaka hicho watu wanne: Bwana Deon na bunduki ya marisau, mzee Harlan na bunduki yake, Ndikumana, na Léonce mbele, bastola ikiwa kiunoni ndani ya ala ya ngozi.

Pale ukingoni Léonce aliwaomba wasubiri. Walikaa chini nusu saa, wakisikiliza ndege. Kisha akasimama, akafungua mkanda, akampa Ndikumana bastola pamoja na ala yake.

Haya ndiyo maneno waliyosemezana, kama Ndikumana alivyoyaeleza kwa familia, na kama Léonce mwenyewe alivyoyakubali hospitalini. Yanaandikwa hapa kwa sababu watu wamesema mengi kwenye saluni, kwenye teksi, na hata kwenye mlango wa kanisa, wakidai kwamba Mrundi alichukua silaha ya mzee.

"Vieux, mama alisema ubebe wewe," Ndikumana alisema, akimwita mzee kwa Kifaransa.

"Nilimwambia nitabeba, na nimebeba mpaka hapa," Léonce akamjibu. "Mimi naangalia chini. Mwenye kuangalia chini hawezi kuchunga kiuno. Wewe utaniangalia mimi. Anayeangalia ndiye anabeba."

Bwana Deon alisikia, akakubali kwa kichwa. Wakaingia.

Walitembea hatua kama arobaini kwa muda wa dakika ishirini. Damu ilikuwa kavu, kidogo, tone hapa na tone pale. Léonce alisimama mara tatu. Mara ya tatu alionyesha kwa kidole kwamba nyayo zimegeuka, kwamba chui amezunguka, na hakumaliza kuonyesha. Chui alitoka upande wa kulia, chini kabisa, mahali ambapo walikuwa wamekwisha kupita. Aliukamata mkono wa kulia wa Léonce, ule ule uliokuwa ukionyesha, wakaanguka pamoja. Bunduki ya marisau hutawanya chembe zake, hivyo Bwana Deon hakuweza kuifyatua bila kuwaua wote wawili. Mzee Harlan aliinua bunduki yake akaishusha. Ndikumana alikwenda karibu. Alipiga magoti, akaweka mdomo wa bastola nyuma ya sikio la chui, akafyatua mara mbili. Chui alikufa juu ya mzee.

Daktari wa kwanza aliyemwona, kule kaskazini, aliwaeleza wazi. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya meno tangu mwanzo hadi mwisho. Hata kama bastola ingekuwa kiunoni mwake, mkono huo usingeifikia. Bwana Deon amesema vile vile, na yupo hapa leo, atakayetaka amuulize.

Léonce aliletwa Durban jioni ya siku hiyo. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, na bega na shingo vilikuwa na majeraha marefu. Mzee Harlan aliahirisha ndege yake siku tano. Kila mchana alikuja kuketi kando ya kitanda, kofia yake magotini. Siku ya mwisho alimwomba Ndikumana amuulizie swali moja. Alitaka kujua, sasa baada ya haya yote, yeye akirudi kwao kwenye nchi ya dubu abebe bastola au aache. Alionekana kama mtu ambaye jambo hili limeanza kumnyima usingizi.

Léonce alijibu akiwa amefumba macho.

"Mwambie abebe," alisema. "Lakini atembee sawa mtu hana."

Ndikumana alitafsiri kwamba abebe, lakini atembee kama mtu asiye nayo. Mzee Harlan aliomba arudiwe, akarudiwa, akaandika kwenye kijitabu. Kisha akamshika Léonce mkono wa kushoto, akaenda zake.

Baada ya wiki tatu majeraha yalianza kufunga, lakini homa haikukubali kuondoka. Uchafu wa meno ya chui ulikuwa umeingia mfupani, na kutoka mfupani ukaingia damuni. Walimpasua mara mbili. Mwishoni mwa Agosti figo zilianza kuchoka. Yeye mwenyewe alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Alisema mwili unatoa nyayo zake kama mnyama, na anaona unakwenda wapi.

Ijumaa tarehe 3 Septemba, saa za kutembelea wagonjwa, alimwambia mama Colette afunge pazia. Yanayofuata, ni mama Colette mwenyewe aliyeomba yasomwe mbele yenu, maana amesema hataki yabaki nyumbani.

"Mama Huguette," Léonce alimwambia, "ile siku ya Dominiki, bastola nilikuwa nayo."

Alimweleza yote. Bosi wa wakati ule alikuwa amempa bastola mpya wiki ile ile. Aliivaa akajiona mtu mwingine. Sheria ya wafuata nyayo ilikuwa kusubiri mnyama alale chini, akakamae, na kila siku yeye ndiye aliyewakataza wengine kuharakisha. Siku hiyo hakusubiri. Alisema ile bastola ilimwongezea miguu lakini haikumwongezea macho. Dominiki alimwambia wakae kwanza, yeye akamcheka, akaingia, na Dominiki akamfuata kwa sababu hakutaka amwache peke yake. Nyati alipokuja alimpita Léonce akamchukua Dominiki. Léonce alifyatua risasi zote sita kwenye kichwa cha nyati kwa umbali wa hatua mbili, na nyati hakugeuka hata kumtazama. Aliendelea na kazi yake mpaka alipomaliza.

Mama Colette alimuuliza kwa nini alinyamaza miaka ishirini. Akasema aliogopa kulala nyumba moja na mtu anayejua. Mama alifungua pazia, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuaga.

Siku ya Jumamosi hakuja. Jumapili hakuja, wala Jumatatu. Chakula alikuwa akipika, akampa Huguette apeleke, na Huguette alipouliza kuna nini alijibiwa ashike bakuli vizuri lisimwagike. Léonce hakuuliza mke wake yuko wapi. Alikula kidogo, akageukia ukutani. Watoto walifikiri ni ugonjwa.

Jumanne mama alikuja na beseni. Aliomba maji ya moto kwa manesi, akakaa chini kando ya kitanda, akaanza kumwosha miguu. Ilikuwa miguu iliyopasuka, yenye kucha nyeusi, iliyokuja hapa kutoka Kanyabayonga. Aliuosha mmoja, akaufuta, akaosha wa pili. Ndipo akasema, bila kuinua uso:

"Dominiki naye alikuwa na miguu yake. Hakuna mtu alimvuta."

Léonce alilia. Mama alimwacha alie, akaendelea kufuta katikati ya vidole. Tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja, na manesi walizoea kumkuta amelala kwenye kiti, mkono wake juu ya blanketi.

Ndikumana naye alikuwa ameacha kuja, kwa aibu ya maneno ya watu. Léonce alimtuma Serge amfuate Pinetown. Alipofika, Léonce alimwambia mbele ya familia nzima kwamba chui angemmaliza pale pale, dakika ile ile, na siku zote hizi za kitandani, pamoja na maumivu yake, zimetoka kwenye mkono wa Ndikumana. Alisema kama si siku hizo angekufa na mzigo wa shemeji yake mgongoni, na mke wake asingejua amezika nani. Ndikumana alijaribu kuomba msamaha. Léonce alimkataza.

"Wakikuuliza," alimwambia, "sema mimi nilikupa."

Wiki ya mwisho alizungumza kidogo. Alimwomba Glody asiache shule. Alimwomba Julienne amwimbie, naye akamwimbia nyimbo za kwaya mpaka nesi akaja kusikiliza. Alimshukuru padri kwa sakramenti. Alisema hana hofu, ila amechoka, na kwamba kuchoka si dhambi. Jumapili tarehe 19 Septemba 1999, saa kumi na moja alfajiri, siku ya hamsini na nne tangu ajali, alivuta pumzi tatu za taratibu, na ya nne haikufuata. Mama Colette alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto. Léonce alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, kanisa, ndugu Wakongo na Warundi wa Durban na Pinetown, mama mwenye nyumba wa Cato Manor aliyefuta kodi ya mwezi huu bila kuombwa, na Bwana Deon aliyegharamia matibabu na safari hii ya mwisho. Mzee Harlan alipiga simu Jumatano.

Léonce Muhindo Kighoma ameacha mjane, Colette Kavira. Ameacha watoto: Huguette, anayesoma wasifu huu, Serge, Glody na Julienne. Ameacha mkwe mmoja, Pacifique, mume wa Huguette, na mjukuu mmoja ambaye bado hajatembea. Ameacha dada zake watatu huko Kanyabayonga, ambao habari hii haijawafikia bado kwa sababu barabara zimefungwa. Na kwa agizo lake mwenyewe, alilolisema akiwa na akili timamu mbele ya mke na watoto, ameacha pia Alain Ndikumana, ambaye kuanzia leo jina lake linaandikwa katika mstari wa watoto wa nyumba hii, na ambaye sasa hivi, wimbo ukianza, atakuja kushika jeneza upande wa kulia, mbele.

Mungu aliyemuumba na miguu ya kutembea mbele ya wengine amkalishe sasa, amvue viatu, ampe utulivu usio na mwisho.